Mkwe wa Ukingoni Anyoosha Mkono

Huruma alisokota kanga yake ikawa ngata. Akaiweka kichwani, akapandisha ndoo juu yake, akasukuma mlango kwa mguu.

"Shikamoo, baba. Mimi nashuka."

"Marahaba. Pita njia ya mwambani. Ile nyingine ina changarawe."

"Najua, baba."

"Najua, najua! Hata mama yako alijua."

Huruma aliishika ndoo vizuri. Mimba yake ilikuwa imeanza kulisukuma gauni kwa mbele. Aliondoka taratibu, kama mtu aliyebeba mayai.

Baba yake, mzee Anselmo, alibaki mlangoni akimtazama mpaka ndoo ikazama nyuma ya vichaka.

Nyumba yao iko kitongoji cha Ukingoni, kijiji cha Nambedo, upande wa Kitangari. Jina la kitongoji halidanganyi. Hatua chache nyuma ya nyumba, uwanda wa juu unakatika na mteremko unaanza. Huku juu kuna upepo mzuri na mikorosho mizuri. Maji hakuna. Maji yako chini bondeni. Kila nyumba imechimba kisima cha saruji cha kukingia mvua inayotoka kwenye bati. Mvua zikiisha na kisima kikakauka, watu hushuka bondeni. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda na ndoo kichwani.

Dominika, mke wa Anselmo, alianguka kwenye mteremko huo huo. Nyonga ikavunjika. Alilala kitandani msimu mzima wa korosho, kisha akafariki.

Tangu hapo Anselmo alikuwa na wimbo mmoja: viongozi. Mvua ikichelewa, viongozi. Uji ukiungua, viongozi. Hata kuku akilala nje, kosa ni la viongozi.

Asubuhi hiyo alikuwa akifagia chini ya mikorosho, ili korosho zikidondoka zionekane. Bodaboda ikapita na spika imefungwa nyuma.

"Tangazo, tangazo! Wananchi wa Nambedo, Jumamosi saa nne asubuhi, uwanja wa shule, kuna mkutano mkuu wa kijiji! Tutasikia mapato na matumizi! Tutapitisha mpango wa mwaka! Tutapiga kura kilula cha maji kijengwe wapi! Usipokuja, usilalamike!"

"Nitalalamika!" Anselmo aliifokea bodaboda. "Nitalalamika hapa hapa nilipo!"

Mtu akacheka nyuma yake. Alikuwa Mwanasha, jirani yake, ambaye wengi humwita Mama Jafari. Alikuwa amebeba beseni la mabibo.

"Baba Huruma, siku hizi unagombana na pikipiki?"

"Afadhali pikipiki. Inasikia kuliko Mmakonde."

"Mmakua asipopata wa kumtukana hukonda," alisema Mwanasha. "Ndiyo maana nakuja kila siku. Sitaki utufie mikononi."

Walicheka. Ni watani hao. Anselmo ni Mmakua wa Nanganga, alikuja Nambedo kuoa. Mwanasha ni Mmakonde aliyezaliwa pale pale Ukingoni, na ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Jumamosi twende," alisema. "Mwaka huu kimepatikana kilula kimoja. Mwenyekiti anapendekeza kijengwe pale sokoni, karibu na ofisi. Mimi nilisema kije huku Ukingoni, bomba la maji lifike, watu wafungue koki na kuchota. Kwenye halmashauri tulikuwa wachache, tukashindwa."

"Basi kwisha. Wakubwa wameshakata maneno."

"Hawajakata. Halmashauri ya kijiji inapendekeza tu. Anayekata ni mkutano mkuu."

"Huo mkutano mkuu ndio nani?"

"Ndio wewe! Wewe, mimi, Huruma, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka kumi na minane. Mwenyekiti mwenyewe yuko chini ya mkutano huo."

Anselmo aliegemea fagio. Uso ulimbadilika.

"Mama Jafari, wewe unazungumza kwa sababu hapa ni kwenu. Mimi ni mkwe. Nyumba hii nimejenga kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu. Na mwenyekiti ni nani? Ni Cyril, kaka yake Dominika. Nisimame mbele ya watu nimpinge shemeji yangu? Akiniambia rudi kwenu Nanganga, je? Kaburi la mke wangu nitamwachia nani? Na Huruma?"

Mwanasha aliliweka beseni chini. Hilo halikuwa jambo la utani. Kwao mwanamume akioa huenda kukaa upande wa mke. Ukweni huwa mpole. Hukaa pembeni, husikiliza. Hivyo ndivyo heshima ilivyo.

"Nikuulize," alisema Mwanasha. "Mgeni siku mbili. Siku ya tatu?"

"Mpe jembe."

"Wewe jembe tulikupa zamani, hata mpini umeisha. Msiba wa hapa unazika. Barabara ya hapa unalima. Watoto wa hapa umezaa. Ukweni ni ukweni, na heshima yake ibaki. Lakini kwenye mkutano hawaulizi umeoa wapi. Wanauliza unaishi wapi. Na hakuna mtu wa kukufukuza kwa sababu umenyoosha mkono. Hiyo ni haki yako ya sheria."

"Una hakika?"

"Kama huniamini mimi, siku hiyo muulize mtendaji mbele ya watu wote. Omba nafasi, simama, taja jina lako na kitongoji chako, sema neno lako fupi. Kura zikipigwa na ukaona hazieleweki, omba zihesabiwe. Uamuzi ukipita, hakikisha umeandikwa kwenye muhtasari. Si ugomvi. Ndivyo mkutano unavyoendeshwa."

Anselmo alikwangua ardhi kwa fagio.

"Hata nikienda, mkono mmoja utafanya nini?"

"Hapo umesema. Unajua kwa nini Ukingoni tunashindwa kila mwaka? Wanaume wengi wa huku ni wakwe kama wewe, wanaona haya. Na wanawake Jumamosi asubuhi wako wapi?"

Anselmo aligeuza macho kuelekea bondeni.

"Wako chini wanachota," alisema polepole.

"Basi. Asiyekuwepo na lake halipo. Viongozi wanakosea, sikatai. Lakini wao wanaona uwanja umejaa watu wa sokoni, wanadhani Nambedo yote ni sokoni."

Huruma alirudi jua likiwa limepanda. Goti lilikuwa na vumbi na damu.

"Umeanguka?" Anselmo alishtuka.

"Nimeteleza tu, baba. Ndoo haikumwagika."

Alisema hivyo kwa fahari, kama mama yake alivyokuwa akisema. Anselmo aliingia ndani. Alikaa kitandani, mikono juu ya magoti. Alipotoka, alimwita mume wa Huruma.

"Gideoni! Wewe ni mkwe, na mimi ni mkwe. Njoo tuzungumze mambo ya wakwe."

Ijumaa jioni, Ukingoni waliona jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Wanaume walishuka bondeni kuchota maji. Gideoni alikokota baiskeli yenye madumu. Anselmo alibeba ndoo mbili mikononi. Kuna aliyejaribu kuweka ndoo kichwani, maji yakamwogesha mpaka kwenye viatu. Wanawake walisimama ukingoni kuwashangilia.

"Shingo iwe imara, baba wee!"

"Usikimbie, si mpira huo!"

Walipofika juu wakihema, Anselmo alishindwa kusema. Miaka yote alikuwa akiulaani mteremko ule. Kuupanda na maji, alikuwa hajawahi.

"Tumewachotea ya leo na kesho," alisema alipopata pumzi. "Kesho hakuna kushuka. Kesho ni mkutano."

Jumamosi alivaa shati lake la kanisani. Watu wa Ukingoni waliingia uwanja wa shule kwa pamoja, wanawake wakiwa mbele. Waliokuwa wamekaa waligeuza shingo. Wakwe wa vitongoji vingine walikuwa wamejipanga kandokando ya ukuta wa darasa, kama kawaida yao. Anselmo naye miguu ilimvuta kule kule ukutani. Mwanasha akamkonyeza, akapigapiga benchi pembeni yake. Akaenda kukaa.

Mwenyekiti Cyril alifungua mkutano. Mtendaji wa kijiji, Bi Agatha, alisoma mapato na matumizi. Watu waliuliza, wakajibiwa. Kisha likaja suala la kilula.

"Halmashauri inapendekeza kijengwe sokoni," alisema Cyril. "Ni katikati ya kijiji, ni karibu na ofisi, ulinzi ni rahisi. Nadhani tunakubaliana..."

Mkono ukanyooka. Mkono mwembamba, wenye utomvu wa korosho kwenye vidole.

"Mwenyekiti, naomba nafasi. Naitwa Anselmo, mkazi wa Ukingoni."

Watu waligeuka kumtazama. Cyril alitabasamu kidogo.

"Shemeji, kaa tu. Haya tuachie sisi wenye kijiji."

Wengine wakacheka.  Kitako cha Anselmo kilianza kutafuta benchi. Ndipo akamwona Huruma, amekaa chini mbele kabisa, goti lake limefungwa kitambaa.

Akanyooka tena.

"Nyumbani wewe ni shemeji yangu, na nakuheshimu," alisema. "Hapa nimekuja kwa mwenyekiti. Naomba mtendaji atujibu sote. Mkwe anayeishi hapa ana kura, au hana?"

Bi Agatha alisimama.

"Anayo. Mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji ni kila mkazi wa kijiji mwenye miaka kumi na minane au zaidi. Mwanamume na mwanamke. Aliyezaliwa hapa na aliyekuja kuoa au kuolewa. Mzee Anselmo ana haki ya kusema na kupiga kura. Na nyinyi mliosimama ukutani pia. Sogeeni, nafasi ipo."

Kule ukutani palikuwa na mnong'ono. Mmoja akatoka. Kisha wawili. Halafu ukuta wote ukabaki mtupu.

"Endelea, mzee," alisema Agatha.

"Sina maneno mengi," alisema Anselmo. "Sokoni nako maji ni shida, siwadharau. Lakini wenzetu wa sokoni mna visima vikubwa vya mvua, na bomba la shule liko karibu. Nyinyi mnatembea na kiu. Sisi tunashuka na hofu. Jana nilipanda na ndoo mbili tu, tena za mkononi, nikaona nyota mchana. Mke wangu aliupanda mteremko huo maisha yake yote. Mnajua aliishia wapi. Binti yangu huyu hapa, na tumbo lake, anapita hapo hapo. Naomba kilula kije Ukingoni. Nimemaliza."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa sokoni alisema kwa sauti, "Hata mimi ule mteremko naujua. Niliupanda na mimba." Wengine wakaitikia.

Ikapigwa kura. Mikono ikanyooka huku na huku, imechanganyikana. Cyril alikodoa macho.

"Naona kama wa sokoni ni..."

"Mwenyekiti," alisema Anselmo, "tunaomba zihesabiwe."

"Hilo ni sawa," alisema Agatha. "Wa sokoni wapange mstari upande wa darasa. Wa Ukingoni, upande wa goli."

Watu wakaanza kutembea. Mstari wa sokoni ulifika kwenye kona ya darasa, ukakoma. Mstari wa Ukingoni ulifika kwenye goli, ukapita, ukaingia kwenye nyasi. Wakwe walikuwemo. Wanawake walikuwemo, hata wa sokoni. Huruma alikuwa katikati, ameshika kiuno, anacheka. Hesabu ilifanywa, lakini kila mwenye macho alishaona.

Cyril alitazama mistari ile kwa muda.

"Mkutano umeamua," alisema. "Kilula kitajengwa Ukingoni. Mtendaji, andika kwenye muhtasari."

"Nimeandika," alisema Agatha, akausoma uamuzi kwa sauti.

Vigelegele vilipigwa mpaka kunguru wakaruka juu ya bati la shule.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Cyril alimfuata Anselmo.

"Shemeji, ungeniambia nyumbani."

"Nyumbani wewe ni mkubwa wa ukoo. Nyumbani nakunyamazia."

Cyril aliinamisha kichwa.

"Dominika alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wako. Na mimi niliona ofisi tu. Mteremko sikuuona."

Anselmo alikuwa na maneno makali aliyoyaweka kwa miaka. Aliyatafuta mdomoni, akakuta yamepungua.

"Basi mtaro wa bomba ukianza kuchimbwa," alisema, "njoo na jembe lako."

Cyril alikuja. Fundi wa maji alipopima na kuonyesha njia ya bomba, mwenyekiti alikuwa wa kwanza mtaroni. Mwanasha akampitia na beseni lake.

"Mwenyekiti, chimba vizuri! Mkwe anakusimamia!"

Huruma alijifungua mtoto wa kike. Wakamwita Dominika. Maji ya kumwogesha mtoto yule yalitoka kwenye koki, mwendo wa kuita na kuitikiwa kutoka mlangoni.

Siku hizi, jioni, Anselmo hubeba mjukuu wake hadi nyuma ya nyumba, ambako uwanda unakatika. Njia ya bondeni bado ipo, lakini huioni vizuri. Nyasi zimeota, na miiba imeziba pale penye changarawe. Hilo humfurahisha kuliko hata kilula chenyewe. Hajamshukuru kiongozi yeyote. Anajua nani alileta maji Ukingoni. Ni ule mstari uliopita goli ukaingia kwenye nyasi.

Juzi bodaboda ya spika ilipita tena. "Tangazo, tangazo! Mkutano mkuu wa kijiji! Usipokuja, usilalamike!"

"Nitakuja," Anselmo aliijibu, "na nitalalamika huko huko!"

Kisha akamwita Gideoni ampigie pasi shati la kanisani.