Uzi wa Kijani

Kila Ijumaa, katika kipindi cha mwisho, watu walikufa kwa wingi darasa la sita. Walikufa kwenye madaftari tu, lakini walikufa kwelikweli. Baba aligongwa na lori katika aya ya kwanza, mama akaugua katika aya ya pili, nyumba ikateketea katika ya tatu, na mtoto aliyebaki akalala nje akinyeshewa. Mvua haikukosa kunyesha.

Sababu ilikuwa leso ya mwalimu wa Kiswahili. Mwalimu huyo alipenda hadithi za mateso kupita zote, na insha iliyomfanya atoe leso mfukoni ndiyo iliyosomwa mbele ya shule nzima siku ya Jumatatu. Mwandishi wake alipewa cheti. Wanafunzi walimwita Leso, ila si mbele yake.

Darasani humo alikuwamo msichana aliyeitwa Kalamu, kwa kuwa aliandika vizuri kuliko wote, na hilo alilijua mno. Muhula huo alikuwa amekwisha kuua familia saba, na leso haikutoka.

"Huzuni hii umeitunga," mwalimu alimwambia akimrudishia daftari. "Niletee mateso ninayoweza kuyagusa."

Kalamu aliyatafuta mateso nyumbani kwao, akayakosa. Baba yake alikuwa fundi saa, mpole, aliyecheka mizaha yake mwenyewe kabla hajaimaliza. Mama yake aligombana na paka tu. Ilikuwa nyumba yenye amani ya kuudhi.

Dawati moja naye alikaa Kijiti, msichana aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake. Mama yake alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za nyumba nyingi za mtaani, na ili zisichanganyike, alishona uzi mfupi ndani ya kola, kila nyumba na rangi yake.

Siku moja wakati wa mapumziko, Kijiti alimsogelea Kalamu. "Nikikwambia kitu, hutasema?"

"Nife nikisema!"

"Juzi nilipiga pasi shati langu, nikasinzia. Likaungua mgongoni, na sina jingine. Basi jana nilivaa shati la mteja, lile la uzi wa kijani. Leo nimevaa hili langu, mgongoni nimelitia kiraka. Mama hajui." Alicheka, kisha macho yakamjaa maji.

Kalamu alimshika mkono. Alimhurumia, tena sana. Lakini moyoni alikuwa ameshaanza kupanga aya ya kwanza.

Aliandika kila kitu: pasi, usingizi, kiraka, hata uzi wa kijani. Alipoisoma insha yake aliona ukweli peke yake ni chakula kisicho na chumvi, akaiongeza. Katika insha, mama dobi alipogundua shati limeungua, aliichukua pasi ikiwa ya moto akambandika mwanawe mgongoni. Jina hakuandika. Aliandika "binti wa dobi," akajiona amemficha.

Ijumaa hiyo leso ilitoka mara mbili.

Jumatatu Kalamu alisoma kwa sauti ya kutetemeka aliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo. Alipofika kwenye uzi wa kijani, binti wa mwenye duka la dawa, aliyekuwa mstari wa mbele, aligeuza kola yake akaitazama. Kisha akageuka nyuma.

"Lilikuwa shati langu!" alipiga kelele. "Kijiti amelivaa shati langu!" Akaanza kujifuta shingo kwa kiganja, kama aliyemwagiwa uchafu.

Walipotawanyika, watoto walimzunguka Kijiti. "Tuonyeshe mgongo! Tuonyeshe ulipochomwa!" Wawili wakamshika mikono, wa tatu akampandisha shati. Mgongo ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo. Hawakujali, wakacheka kiraka.

Kalamu alikuwa hatua tatu kutoka pale. Kijiti alimtazama, akingoja neno moja tu. Kalamu angeweza kusema, "Niliongeza chumvi, mama yake hakumchoma." Lakini cheti kilikuwa mkononi, na shule nzima ilikuwa imempigia makofi. Akakaa kimya kama maji mtungini. Kijiti alichukua mkoba wake akaondoka, na kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Alhamisi, wakila chakula cha mchana, mama yake Kalamu alisema, "Kuanzia leo tutafua wenyewe. Yule dobi kumbe anamchoma mwanawe kwa pasi! Mtaa mzima wamemnyang'anya nguo zao. Mkatili mkubwa."

Kalamu alirudisha tonge sahanini. Ukutani, katikati ya saa za baba, cheti chake kilikuwa kimetundikwa. Alinawa mikono, akachukua daftari, akatoka mbio.

Nyumbani kwa dobi kamba za nguo zilikuwa tupu. Dobi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani. Vidole vyake, vilivyochunwa na sabuni, vilikosa kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Aliinuka haraka. "Umeleta nguo?"

Swali hilo lilimuumiza Kalamu kuliko kofi. "Hapana, mama. Mimi ndiye niliyeandika."

Dobi alikaa tena taratibu. "Mimi sikusoma. Nisomee."

Kalamu alisoma. Alipofika kwenye pasi, sauti ilikatika.

"Endelea."

"Siwezi, mama."

"Uliweza mbele ya shule nzima. Endelea."

Akaendelea hadi mwisho, neno kwa neno, wakati Kijiti amesimama mlangoni akisikiliza.

"Huyo mwanamke ni nani?" dobi aliuliza.

"Ni wa kutunga."

"Wa kutunga. Mbona walioondoka na nguo zao ni wa kweli?"

Kalamu alilia. Dobi hakumbembeleza.

"Machozi yako hayatanirudishia kazi. Kijiti alivaa shati la mtu bila kuomba. Nimempeleka mimi mwenyewe kwa mwenye shati, akapiga magoti, akalifua tena. Wewe umevaa maisha yetu bila kuomba, tena ukayatia madoa. Utapita nyumba kwa nyumba, useme kwa mdomo wako."

Alipita. Mwalimu, alipoelezwa, alifuatana naye. Milango mingine ilifunguliwa kwa upole, mingine kwa matusi. "Mtoto mwongo kama wewe anafaa viboko!" alisema mwenye duka la dawa, akafunga mlango. Jumatatu Kalamu alisimama mbele ya shule, akasema lipi lilikuwa la kweli na lipi la uongo, akarudisha cheti. Safari hii hakuna aliyempigia makofi.

"Na mimi nina kosa," mwalimu alisema. "Nilitaka machozi, sikuuliza yanatoka kwenye jicho la nani."

Nguo zilirudi kambani, ila za uzi wa kijani hazikurudi tena. Kalamu alipokwenda kutoa taarifa, dobi alikuwa akipiga pasi, na safari hii alimkaribisha ndani.

"Sikukatazi kuandika mateso, mwanangu," alimwambia. "Yapo, na yasiposemwa yanazidi. Lakini huzuni ya mtu ni nguo yake, ndiyo inayomsitiri. Ukiitaka, omba. Ukipewa, irudishe safi kama ulivyoichukua. Na usimvue mwenzako ili wewe upigiwe makofi."

Kijiti alirudi shuleni. Alikaa dawati lilelile, kwa kuwa halikuwapo jingine. Kalamu alipomwomba radhi, alisema, "Nimekusamehe," na alikuwa amemsamehe kweli, maana alimwazima kifutio siku hiyohiyo.

Wakati wa mapumziko Kalamu alimuuliza, "Habari za nyumbani?"

"Nzuri," Kijiti alijibu.

Na tangu siku hiyo, kila alipoulizwa na Kalamu, habari za nyumbani zilikuwa nzuri.