Mbwa wa Akteoni

"Kesho saa nne maji ya mto yanakuwa yamejaa," Baltens alisema. "Saa sita yanaanza kupwa. Mashua ya Haarlem inaondoka na maji. Haimngoji mtu, hata awe askofu."

Alikuwa amepanga maganda ya kome juu ya meza, kwenye chumba cha nyuma cha Digna. Mbele, wateja walikula mikunga ya kukaanga na kupigiana kelele. Digna, mjane mwenye mgahawa, alisimama mlangoni, sikio moja kule, sikio moja huku. Nusu ya siri za gati ya Antwerp zililala kifuani mwake na hazijawahi kutoka.

Baltens aligusa ganda la kwanza. "Karakana ya Bwana Hillewaert." La pili. "Kanisa kuu. Hapa maandamano ya Bikira yanapita." La tatu. "Lango la gati. Ng'ambo ya lango, mashua. Mmeelewa, au niwaimbie?"

"Imba kidogo," Gommaar alisema.

Digna peke yake alicheka. Baltens hakuwa mtu wa kutaniwa. Sikio lake la kushoto alilipoteza vitani Ostend, na waliomcheka kwa hilo hawakurudia.

"Chama chote cha wachoraji kinaandamana," aliendelea. "Mabwana, mafundi, wanagenzi. Karakana inabaki na paka."

"Na kufuli," Gommaar alisema tena.

"Ufunguo anao kaka yako."

Wote wakamgeukia Lieven. Lieven alikuwa fundi wa kuchonga picha kwenye shaba, mkono bora kuliko yote pale kwa Hillewaert. Mabamba matatu waliyoyataka aliyachonga yeye. Ikaro anaanguka na mbawa zake za nta. Faethoni anashindwa kuwazuia farasi wa jua. Na Akteoni, yule mwindaji aliyemchungulia mungu wa kike Diana akioga, akageuzwa paa dume, akararuliwa na mbwa wake mwenyewe. Kwenye kona ya kila bamba limechongwa jina la Hillewaert. Ndivyo mji wetu ulivyo. Mtu anatoa jasho, mwingine anatoa jina, na wa jina ndiye anayesalimiwa barabarani.

"Karatasi unaiba mara moja, unauza mara moja," Baltens alisema. "Bamba unachapa mpaka uzeeke. Kuna mtu Haarlem anayangoja kama mjamzito."

"Langoni wanapekua," Lieven alisema.

"Wanapekua vifurushi. Mapipa. Vikapu vya mayai. Siku ya Bikira hawapekui miili ya watu. Kila mtu bamba moja, chini ya shati, kamba mbili mgongoni. Mnapita mkiimba sala."

Baltens alitaka mabamba. Lieven alitaka nafasi mbili ndani ya ile mashua, na si kwa ajili yake hasa. Gommaar, mdogo wake wa tumbo moja, alitoroka jeshini, kule ngomeni kwa Mhispania. Tangu majira ya baridi alikuwa amejificha kwenye chumba cha chini ya mgahawa wa Digna, katikati ya mapipa ya samaki, akikohoa ndani ya kofia yake ili asisikike. Akikamatwa ni kamba ya shingoni. Hakuna faini wala viboko, ni kamba tu, na asubuhi inayofuata.

Baltens alipotoka kwenda kukojoa, Lieven aliinamia sikio la mdogo wake. "Huyu atatuuza."

"Kaka, kwako wewe kila mtu atatuuza."

"Mtazame macho."

"Nimeyatazama. Ni ya mtu mwenye njaa. Hata mimi ninayo." Gommaar akatabasamu. "Wewe nitoe tu huku chini. Nimechoka kunuka samaki. Nikifika Haarlem nitalala juani siku nzima kama paka wa padri."

Lieven alimpiga kofi dogo la kisogoni. Alimpenda yule kijana kuliko kitu chochote duniani, na nakuomba ulikumbuke hilo.

*

Saa tatu asubuhi. Maji yanajaa.

Lieven alichomoka kwenye safu ya chama pale maandamano yalipokwama kulipisha lile jitu la mbao linalokokotwa kila sikukuu. Watu walikuwa wameinua shingo kulitazama. Hakuna aliyetazama chini.

Baltens na Gommaar walikuwa wakimngoja kwenye kichochoro, mashati meupe ya sikukuu, makoti juu. Ufunguo ukazunguka. Wakaingia.

"Haraka," Baltens alisema.

Ikaro na Faethoni walikuwa kabatini, wamefungwa kwa karatasi, wasafi. Akteoni hakuwemo. Lieven akaangalia huku na huku, akamwona: juu ya meza, kando ya mtambo wa kuchapia. Jana mafundi waliwahi kutoka kwa ajili ya sikukuu. Walilipaka bamba wino wakaliacha hivyo hivyo.

Aliligusa kwa kidole. Kidole kikatoka cheusi. Ule ni wino wa mafuta ya kuchemsha, haukauki kwa siku moja wala mbili, na hautoki mpaka kwa maji ya majivu na kusugua sana.

Maji ya majivu yalikuwepo, ndani ya pipa kule uani.

"Unangoja nini?" Baltens aliuliza kutoka dirishani. "Mlinzi wa mtaa yuko kwenye kona."

Lieven angeweza kusema. Maneno matatu tu: hili lina wino. Baltens angetukana, wangelisugua, wangechelewa kidogo. Lakini aliogopa, na nyuma ya hofu palikuwa na hesabu nyingine, ndogo na chafu. Yeye anajulikana mjini. Doa moja jeusi kwenye shati lake la chama, siku ambayo mafundi wote wamejisugua wakatakata, na watu wataanza kuuliza maswali. Gommaar hajulikani na mtu.

Akachukua kitambaa, akalizungushia bamba mara moja, akafuta kidole.

"Dogo, beba hili."

"Mbona langu kubwa?"

"Wewe ndiye mwenye kifua."

Gommaar akacheka, akainua shati. Lieven alimfunga kamba mwenyewe, kwa upole, kama mtu anavyomfunga mtoto mshipi. Kitambaa kilikuwa chepesi. Kitatosha, alijiambia. Kisha akajifunga Ikaro, baridi, safi kama kijiko.

*

Saa nne na nusu. Maji yamejaa.

Mvua ilianza walipofika karibu na gati. Haikuwa ya kutisha, ilikuwa mvua yetu ya Agosti tu, ile inayokuja kama mgeni asiyealikwa na kukaa mpaka chakula kiishe. Baltens alikuwa mbele. Alipita langoni akipiga ishara ya msalaba, askari wa zamu hata hakumtazama.

Kisha mbingu zikafunguka, na maandamano yote yakatafuta paa.

Paa lililokuwepo ni lango lenyewe, ule upinde wa mawe ulio mrefu kama handaki. Waliingia wenye mishumaa, wenye ngoma, masista, watoto waliovaa mbawa za malaika, chama kizima cha wachoraji. Walisukumana mpaka hapakuwa na nafasi ya kuinua mkono. Lieven na Gommaar walibanwa katikati. Mbele migongo. Nyuma matumbo. Mwanga wa gati ulionekana ng'ambo, karibu kabisa, na hawakuweza kuufikia.

"Kaka," Gommaar alinong'ona, "kuna bibi ananikanyaga."

"Tulia."

"Nimetulia. Yeye ndiye hajatulia."

Gommaar alikuwa amelowa chapachapa. Koti lake lilikosa vifungo, likafunguka. Shati liling'ang'ania bamba. Mama mmoja mnene alisukumwa, akamwegemea kifuani kwa uzito wake wote, akaomba radhi, akasukumwa tena.

Hapo ndipo Lieven alipoelewa. Kila anayefanya kazi kwenye karakana za picha analijua hili hata akiwa usingizini. Karatasi kavu haipokei kitu. Unailowanisha kwanza. Unailaza juu ya bamba lenye wino. Kisha unakandamiza kwa nguvu zote.

Alitazama shati la mdogo wake. Kitambaa kilikuwa kimeteremka mpaka kiunoni. Juu ya pamba nyeupe iliyolowa, mstari mweusi ulijitokeza. Kisha mwingine. Pembe. Jicho la paa. Domo la mbwa lenye meno.

"Funga koti," alisema.

"Mkono hauinuki."

"Gommaar, funga koti."

"Nimekwambia hauinuki. Kuna nini?"

Mtoto mwenye mbawa alikuwa ameshaona. "Mama, yule mtu ana mbwa kwenye shati."

Watu wakageuka. Mmoja akacheka. Mwingine akasema ni damu, mtu ameumia, mpisheni. Umati uliokuwa umekataa kupisha kwa ajili ya mashua ukapisha sasa, na sajini wa lango akapita katikati yake.

"Umeumia?"

"Hapana, bwana. Ni rangi tu."

Sajini alimgonga kifua kwa vidole. Shaba ikalia. Akainua shati.

*

Saa tano na robo. Maji yamesimama.

Bwana Hillewaert alikuwa hatua chache tu kutoka pale, amevaa mkufu wa chama, mashavu mekundu kwa divai. Alijipenyeza, akaliona bamba, akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Akteoni wangu. Hilo nimelichonga kwa mikono hii."

Kisha akamwona Lieven, akamwekea mkono begani. Mkono ule ulikuwa mzito. Ungeteleza kidogo tu kuja mbele, ungemgusa Ikaro.

"Lieven, afadhali upo. Mwambie sajini. Si ni bamba langu hili?"

"Ni lako, bwana."

"Na huyu mwizi? Ulikuwa umesimama naye. Unamjua?"

Maneno yalikuwepo. Yalikuwa yamejipanga ulimini mwa Lieven, tayari kabisa: huyu ni mdogo wangu, bamba nimempa mimi, yeye ni mbebaji tu. Na nikwambie kitu, yangemwokoa. Hillewaert asingekubali mkono unaomlisha ukatwe. Angepiga kelele, angemchapa fundi wake, angeyamaliza ndani ya nyumba kabla mtu wa ngomeni hajaja kuuliza huyu kijana ametoka wapi. Lieven alilijua hilo. Alifungua mdomo.

Gommaar alimtazama. Akatazama kifua cha kaka yake, pale shati la chama lilipokuwa bado jeupe, safi, halina hata tone. Akarudi kutazama shati lake mwenyewe. Alikuwa mwepesi wa akili siku zote, tangu mtoto. Alielewa yote kwa mara moja, hata kwamba wino ule ungeweza kusuguliwa kwanza.

"Huyu?" Gommaar alisema. Akatema mate miguuni pa kaka yake. "Simjui. Nimemkanyaga tu akaanza kuninunia. Hawa wachora picha wana maringo kama wake za madiwani."

Watu wakacheka. Sajini akacheka pia.

Lieven akafunga mdomo.

"Mpelekeni," sajini alisema. "Ana miguu ya askari huyu. Kaulizeni kule ngomeni kama wamepoteza mtu."

Walimvuta Gommaar kuelekea mjini. Hakugeuka nyuma. Hillewaert alikuwa amelikumbatia bamba lake na kuchafua mkufu wote. "Kimbia karakana," alimwamuru fundi wake, "kaangalie mengine." Askari wote walikuwa wamemzunguka mfungwa. Langoni hapakuwa na mtu.

Lieven alitembea. Hata hakukimbia.

*

Saa sita. Maji yanapwa.

Baltens alikuwa amesimama nyuma ya mashua, mkono mmoja umeshika kamba ya gati, mwingine umeshika kisu, na kisu kiko ubavuni mwa nahodha.

"Nimemwambia tunangoja watu wawili," alisema. "Nimemwambia mara nyingi, ananielewa sasa. Dogo yuko wapi?"

Lieven alipanda. Akashika mlingoti. "Twende."

"Nimeuliza dogo yuko wapi."

"Wamemkamata."

Baltens aliachia kamba. Labda alitaka, labda vidole vilichoka tu. Mashua ikajitenga na ukuta, maji ya kahawia yakaingia katikati, yakapanuka. Nahodha alikimbilia usukani akitukana kwa Kiholanzi.

"Wamemkamataje? Mwili hawapekui."

"Wino. Ulitoka kwenye shati. Bamba lilikuwa na wino."

Baltens alikuwa mwizi na muuaji, na vitani Ostend alifanya mambo ambayo hata padri wake hakuambiwa yote. Alirudisha kisu kwenye ala.

"Ulijua?"

Mvua ilikuwa imekatika. Jua lilitoka juu ya mji wote, kwenye mnara, kwenye mapaa, kwenye lango ambalo sasa lilikuwa dogo kama kidirisha.

"Ulijua lina wino ukampa yeye?"

"Nilijua."

Abiria wengine, wafanyabiashara wawili na mwanamke mwenye kuku, waliangalia pembeni. Lieven alianza kulia, kwa sauti, bila aibu. Kisha akaenda ukingoni.

"Nirudisheni," alisema. "Nahodha, geuza. Nitasema mimi. Nitawaambia ni mdogo wangu. Bado hawajafika ngomeni. Geuza."

"Kwa maji haya?" nahodha alisema. "Mpaka jioni hakuna chombo kinachopanda mto huu."

"Jioni atakuwa ameshahukumiwa."

Lieven alitazama maji, na hakujua kuogelea, na wote waliona kwamba hatajirusha. Mto ulikuwa unawabeba kwa kasi. Kingo zote mbili zilikuwa mbali.

Baltens akasogea mpaka upande wa pili wa mashua, akachagua mahali mbali naye.

"Kaa chini, kaka mtu," alisema. "Unatutia mrama."

Lieven akakaa.