Bramwel Anaomba Maji

“Honeymoon nataka tuende kwa ile meli, Haron.”

Haron alikuwa juu ya ngazi, akipanga mikoba ya akina mama kwenye rafu ya juu ya duka lake pale Ngara. Mkono ukakwama hewani.

“Meli gani?”

“Kwani umepanda ngapi? Ile ya China. Ile ya mtoni.”

Alishuka ngazi taratibu kama mzee, naye hata arobaini hajafika.

“Lornah, aki. Watu huenda honeymoon Naivasha. Wanaenda Mombasa. Wewe unataka kunirudisha mahali rafiki yangu alifia?”

“Mahali mume wangu alifia. Nataka kurusha maua kwa hayo maji, nimwambie Bramwel kwaheri, halafu niwe bibi yako na roho safi. Ni kitu ngumu?”

“Ni mbali.”

“Wewe huenda China kununua mikoba kama mtu anaenda soko la Gikomba. Leo ndio imekuwa mbali?”

Haron akatazama mlangoni, akitamani mteja yeyote aingie amwokoe. Hakuna aliyeingia.

Ngara nzima ilijua habari za meli hiyo, maana Haron mwenyewe ndiye aliyezitangaza. Muulize bei ya mkoba, atakupa bei na safari juu yake. Atakuambia jinsi mto Yangtze unavyopita kati ya milima iliyosimama wima, hata jua hulioni mpaka saa sita. Atakuambia kwamba chini ya meli kuna miji: Wachina walijenga bwawa, maji yakapanda, watu wakahamishwa, nyumba zao zikabaki huko chini na milango yake. “Ukilala unasikia kama kuna watu wanatembea chini yako,” angesema, na wateja wangeshika vifua. Kisha angefika kwa Bramwel, aliyetoka nje kupunga upepo asubuhi yenye ukungu, akateleza, mto ukamla. Hapo sauti ya Haron ilikatika kila mara, mahali palepale.

Na safari yenyewe ilikuwa ndoto ya Bramwel, wala si ya Haron. Wawili hao walikuwa na duka pamoja. Muuzaji mmoja wa mji wa Guangzhou, huko China, alimpa Bramwel kalenda yenye picha ya mto huo, akaitundika sebuleni kwake Riruta, na mwaka ulipokwisha akakataa katakata kuiondoa. “Safari ijayo tukimaliza kununua mali napanda hiyo meli, hata kama nitarudi bila soksi,” alimwambia Lornah. Wakaenda wawili, akarudi Haron peke yake.

Kwao Bramwel, Webuye, walingoja mwili, wasione kitu. Haron alieleza kwamba polisi wa huko walitafuta hadi wakakata tamaa. Basi wazee wakafanya ile desturi anayofanyiwa mtu aliyepotelea mbali: wakakata mgomba, wakaulaza ndani ya jeneza, wakaufunika kwa blanketi la Bramwel, wakauzika. Lornah alitupa udongo juu ya mgomba huku akilia kwa jina la mumewe. Kilio cha namna hiyo humwombei hata adui.

Baada ya hapo Haron hakumwacha. Alimletea unga, alipanda juu ya paa kuziba palipovuja, aliketi naye kanisani watu wengine walipoanza kumsahau. Moyo wa mjane ukafunguka kidogo kidogo, kisha ukafunguka wote. Sasa matangazo ya ndoa yao yalikuwa yamesomwa mara mbili kanisani Riruta, na Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya mwisho.

Asubuhi ya Jumamosi simu ililia Lornah akikaanga mayai. Alikuwa Selpher, mama yake Bramwel.

“Lornah, umeamka, mwanangu?”

“Nimeamka, mama. Huko mko salama?”

“Salama kidogo. Amekuja tena.”

Lornah akazima jiko. Hakuuliza ni nani.

“Amesema nini?”

“Yale yale. Amesimama hapo mlangoni, midomo imekauka imepasuka. Ananiambia, ‘Mama, maji.’ Nikichota, nikigeuka, hayuko.”

“Mama, labda ni hii harusi inakusumbua. Kama unataka tungoje kidogo...”

“Harusi niliibariki kwa mdomo wangu, sirudishi. Wewe bado ni msichana, huwezi kukaa ukiwa bibi wa mgomba. Lakini nisikilize. Kaka yangu alikufa maji hapa mto Nzoia. Alikuwa akinijia ndotoni amelowa, nguo zinadondoka, analia baridi. Mtu aliyekufa maji haombi maji, Lornah. Ameyashiba.”

Lornah alihamishia simu sikio la pili.

“Unasema nini, mama?”

“Nasema mtoto wangu hakuliwa na mto. Muulize aliyekuwa naye.”

Simu ilipokatika Lornah alijaribu kujicheka. Yeye ni karani wa bima katikati ya jiji, mwimbaji wa kwaya, msichana wa kompyuta. Aanze kuchunguza watu kwa ndoto? Akajimiminia glasi ya maji. Akaitazama. Akairudisha mezani bila kuinywa, akachukua simu na kuandika:

“Jioni njoo na picha zote za China. Nataka kuziona.”

Jibu halikukawia: “Za nini mami? Zitakuumiza tu.”

“Njoo nazo.”

Haron alifika na bahasha ya kaki. Miaka yote hiyo Lornah hakuwahi kupata nguvu za kuzitazama picha hizo, na Haron alikuwa ameshukuru kimoyomoyo kwa udhaifu huo. Sasa alikaa ukingoni mwa kochi, chini ya ile kalenda kuukuu, akipepesa macho.

Picha zilikuwa nzuri, tusiseme uongo. Milima imeingia mawinguni. Watalii wa Kichina wamevaa kofia za rangi moja. Kijiji kimepandishwa juu mlimani, na ngazi zake za mawe zinashuka, zinashuka, mpaka zinaingia majini na kupotelea humo. Lornah alikaa na hiyo muda mrefu. Ilikuwa kama mtu wa huko chini angeweza kupanda wakati wowote.

“Bramwel yuko wapi?”

“Yeye ndiye alikuwa anapiga.”

“Zote?”

“Si unamjua na kamera.”

Akafunua nyingine. Haron ameegemea vyuma vya meli, anacheka, nyuma yake ukungu. Amevaa sweta ya kijani yenye mstari mweupe shingoni. Lornah aliisogeza karibu na taa.

“Hii sweta.”

“Imefanya nini?”

“Ni ya Bramwel. Niliifuma mimi kwa hii mikono.”

“Aah, hiyo. Kulikuwa na baridi. Alinipea.”

“Bramwel alikupea?”

“Ndiyo.”

“Haron. Bramwel alikuwa analala na soksi mwezi wa Januari. Hii Riruta ikiwaka jua, yeye anachemsha maji ya kuoga. Huko kwa ukungu akuvulie sweta, yeye abaki na nini?”

“Lornah, ni kitu ndogo...”

“Mama Selpher anamwota. Kila akija anaomba maji.”

Bahasha ilianguka. Haron hakuinama kuiokota.

“Anaomba nini?”

“Maji.”

Aliteleza kutoka kwenye kochi akakaa sakafuni, mgongo umeegemea kiti, kama mtu aliyekatwa miguu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alikuwa ameitembea muda mrefu mno, na sasa alikuwa amechoka.

“Hakuwa kwa meli,” akasema.

“Sema tena.”

“Bramwel hakupanda ile meli. Alishikwa na homa Guangzhou, nafikiri malaria alitoka nayo huku. Tulikuwa kwa chumba cha mtu, wale hukodisha bila kuandika majina ya wageni. Tiketi tulikuwa nazo tayari. Nilimwambia tuwachane nayo. Naapa nilimwambia! Akasema, ‘Enda bana. Utakuja unisimulie.’”

“Ukaenda.”

“Alisema niende.”

“Mgonjwa akikuambia enda, ndio unaenda? Na sweta yake ukachukua?”

“Ilikuwa kwa kiti. Alikuwa anasema anachomeka.”

“Leo anachomeka, kesho anatetemeka, hiyo ndiyo malaria! Nani hajui? Ulimwachia nini, Haron?”

Akafunika uso.

“Ulimwachia nini?”

“Chupa moja ya maji. Nilisema akipata nguvu atashuka anunue ingine.”

Lornah alisimama akaenda dirishani. Nje watoto wa wapangaji wa ploti walikuwa wakicheza kamba na mtu alikuwa akikaanga chipsi. Alishangaa kwamba dunia ilikuwa ikiendelea na shughuli zake.

“Maliza.”

“Niliporudi, mama wa duka la chini alinionyesha kwa mikono. Aliweka mikono shavuni hivi, kama mtu analala, na macho amefunga. Walikuwa wamembeba. Walipata mtu ameanguka karibu na mlango, hawajui ni wa nchi gani. Mimi ndiye nilikuwa naweka karatasi zetu. Pasipoti yake nilikuwa nayo kwa begi, huko kwa meli.”

“Si ungewapelekea.”

“Niliogopa! Nchi ya watu, lugha sijui, maiti, na pasipoti yake niko nayo mimi. Nilijua watanifunga. Nikapanda ndege.”

“Halafu ukanitafutia mto.”

“Nilikuwa nimerudi na hadithi yote kichwani, Lornah. Ile milima, ile miji chini ya maji, kila kitu nilikuwa nimemwekea yeye. Nikapata hakuna mtu wa kusimulia. Sasa kila mtu akiingia dukani, naona kama ni yeye amekuja kuskia. Nikinyamaza nasikia mlango unagongwa kutoka ndani.”

Giza lilikuwa limeanza kuingia sebuleni na hakuna aliyewasha taa ya pili.

“Nakupenda,” Haron akasema. “Hiyo si uongo.”

“Najua.”

Na kweli alijua, ndiyo maana ilimuuma vile. Angekuwa mnafiki tu angemfukuza kwa ufagio. Lakini yule aliyemwacha Bramwel na yule aliyeziba paa walikuwa mtu mmoja, na alimpenda mtu huyo.

“Pasipoti iko wapi?”

Haron akatia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti. Kumbe alikuwa akitembea nayo, kazini, kanisani, kwenye kochi hili akimshika mkono. Lornah aliifungua. Bramwel akamtazama, amenyoa vizuri, amekunja uso vile alivyokunja kila alipopigwa picha.

“Kesho mchungaji akiuliza kama kuna pingamizi,” Lornah akasema, “utasimama. Utawaambia wewe mwenyewe.”

“Tafadhali. Ibaki kati yetu. Tuoane, halafu twende huko pamoja tumtafute, hata meli nitakupeleka. Nani atajua?”

“Yeye anajua. Enda nyumbani, Haron.”

Jumapili kanisa lilijaa. Jamaa za Haron walikuwa wametoka Dagoretti wamevaa kama harusi ndiyo leo. Mchungaji Waweru alisoma majina yao kwa sauti ya furaha: Haron Mbugua, kijana, na Lornah Nekesa, mjane.

“Hii ni mara ya tatu na ya mwisho. Kama kuna mtu ana sababu ya kuzuia ndoa hii, aseme sasa.”

Haron alikuwa kiti cha mbele. Lornah, kutoka safu ya kwaya, aliitazama shingo yake. Simama, alimwomba moyoni. Simama nikuheshimu hata nisipokuoa. Shingo ikazidi kuinama. Mchungaji akafungua ukurasa mwingine.

“Mimi niko na pingamizi.”

Watu waligeuka nyuma kutafuta mwanamke mwenye mtoto mgongoni, maana mambo haya huwa hivyo. Hawakumwona. Aliyesimama alikuwa Lornah.

“Dada Lornah,” mchungaji akasema, akijaribu kutabasamu, “si wewe ndiye bibi harusi?”

“Ni mimi. Na ni mimi ninapinga.”

“Kwa sababu gani?”

Lornah alimwonyesha Haron kwa kidole.

“Huyu alimwacha mume wangu afe peke yake na kiu, halafu akanipea mto nimlilie.”

Mama mmoja alisema “Yesu!” kwa sauti ndogo. Ndipo Haron akasimama, akawageukia watu, macho mekundu.

“Ni kweli,” akasema.

Kwa mara ya kwanza alikuwa ameisimulia safari ya China bila kuongeza neno.

Lornah alipita kati ya viti akatoka nje, akiwa bado amevaa joho la kwaya. Chini ya ukuta wa kanisa alipiga simu Webuye.

“Mama, ulisema ukweli. Hakuliwa na mto. Alikufa kwa homa, chumbani. Aliomba maji na hakukuwa na mtu.”

Upande wa pili jogoo aliwika.

“Walimzika?”

“Sijui, mama. Hawakujua ni nani.”

“Mpaka leo hawajui jina lake?”

“Hawajui.” Hapo ndipo machozi yalipomshinda.

“Basi usilie, mwanangu. Enda uwaambie anaitwa nani.”

Jumatatu asubuhi, badala ya kwenda kazini, Lornah alisimama kwenye foleni ya ofisi za uhamiaji, Nyayo House, kuomba pasipoti yake ya kwanza.