Ringi ya Saa Sita

Saa 1:20 asubuhi. Baraka.

Chumba cha nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki kilinuka oili na jasho. Watu watatu, mlango mmoja, na Guy alikuwa ameuegemea mlango. Néhémie aliliona hilo kabla hajaketi.

Darius alichora sakafuni kwa chaki. Hapa depo ya kahawa, mlimani juu ya Swima. Kule nyuma ya kilima, meza za kuanikia. Hapa, kwenye mparachichi, ringi kuukuu ya lori: kengele ya mvua. Ikigongwa, kituo kizima hukimbilia mezani kufunika kahawa kwa maturubai, hata mlinzi Zuberi. Kahawa ikilowa, msimu umekwenda na maji. Depo hubaki peke yake, na magunia sitini na mawili ya familia za mlima mzima.

"Nani anagonga?" aliuliza Guy. Lori lilikuwa lake, bunduki pia.

"Shemeki yangu," alisema Darius, akimnyooshea Néhémie kidole. "Si anatumika kule, anaanika kahawa? Nani atamushuku?"

Mpango ulikuwa saa tisa, mawingu yanapopanda. Darius akaifuta saa tisa kwa kiatu.

"Ni saa sita. Bato ya Swima, ile mashua ya kubeba kahawa, inatoka saa nane. Kisha pale ziwa inachafuka."

Néhémie akainua macho kutoka kwenye ile chaki.

Jua la saa sita hupasua ganda la kahawa. Kwa hiyo kila siku, saa tano na nusu, meza zote hufunikwa mpaka jua lipoe. Kila mtoto wa mlimani anajua. Darius hakujua. Kahawa za watu aliziuza sana, lakini hakuwahi kuanika hata kikombe kimoja.

"We uko na kitu ya kusema?"

"Hapana, shemeki."

"Muzuri. Ikiharibika, Clarisse iko kwangu, haiko kwako."

Clarisse alikuwa dada wa pekee wa Néhémie, na mke wa Darius. Mara ya mwisho Néhémie alipojaribu kuliacha genge, dada alifika kazini na mkono umefungwa kitambaa, akasema aliteleza kisimani. Tangu hapo hakukataa kazi hata moja, hata ile ya depo ya samaki, mlinzi alipovunjwa mguu. Kamba ilikuwa shingoni mwake, lakini ikivutwa aliumia mwingine.

Saa 5:35. Mlimani.

Walifunika meza ya mwisho pamoja, yeye upande huu wa turubai, Clarisse upande ule. Chini yao udongo mweusi, ambao wazee husema ulizaliwa na moto.

"Kaka, leo uko na haraka."

"Ni njaa. Clarisse, leo usirudi kwake."

Dada alicheka bila furaha. "Mi nitaenda wapi?"

Saa 6:04.

Fuso la Guy lilirudi kinyumenyume hadi mlango wa depo. Néhémie akainua chuma, akagonga. Ringi ililia bondeni kote.

Kwenye banda la kulia, upande wa meza, watu walikuwa wakila bukari, ugali wao, na maharage. Hakuna aliyekimbilia mezani. Mzee Zuberi alisimama na tonge mkononi, akatazama anga jeupe.

"Mvua gani? Si tumeshafunika!"

Néhémie akagonga tena. Sasa waliinuka wote, wakashuka kwake kujua kulikoni. Na ukisimama penye ringi, depo yote iko mbele ya macho yako: kufuli lililokatwa, lori limegeuziwa nyuma mlangoni.

"Bezi! Banaiba kahawa yetu!"

Darius na Guy walikuwa ndani, kila mmoja na gunia la kilo sitini begani. Bunduki ilibaki kwenye kabini. Hakuna abebaye vyote viwili. Clarisse alifika wa kwanza, akausukuma mlango wa chuma, akatia komeo. Zuberi akaitwaa bunduki.

"Clarisse!" Sauti ilitoka ndani. "Ni mi. Fungua!"

Aliitambua sauti ya mumewe. Mkono wake ulibaki juu ya komeo, lakini hakufungua.

Zuberi akamwinua Néhémie mkono. "Huyu ndiye alituokoa! Huyu alitugongea!"

Vigelegele vikapasuka. Néhémie alifurahi, alifurahi kweli. Darius alikuwa amekwisha.

Uso wa Darius ukatokea kwenye nondo za dirisha.

"Mumuulize nani alituambia magunia iko ngapi! Mumuulize nani alikuwa anagonga juu yetu, juu ya kutusaidia!"

Vigelegele vikakatika. Clarisse akageuka polepole.

"Kaka, anadanganya?"

Neno moja tu lingetosha. Wote wangemwamini yeye, si jambazi. Alitazama kovu kwenye mkono wa dada yake, na uongo ukamkwama.

"Hapana. Lakini nilijua saa sita meza zimefunikwa, hamutakimbia. Nilinyamaza juu yako, Clarisse, asikuumize tena."

"Na ile depo ya samaki, mulinzi alivunjwa muguu? Ile pia juu yangu?"

Machozi yalimtoka Clarisse, naye hakuyafuta.

"Nyinyi bote bawili munanifunga, kisha munasema ni juu yangu. Nimechoka. Baba Zuberi, shika bunduki muzuri."

Akainua komeo, akaufungua mlango kiasi cha mtu mmoja. Hakumsukuma kaka yake. Alimngoja tu. Néhémie akatazama nyuma: watu wa mlima mzima, na vijiti vya kugeuzia kahawa mikononi. Akaingia.

Ndani, gizani, mkono ukamshika shingo.

"Karibu, shemeki."

Nyuma yake Clarisse akalirudisha komeo.