Rupia Iliyofungwa Mkononi mwa Nuzhat

"Umefika, mwanangu?"

Kishwar aliuliza kutoka jikoni, mikono imejaa unga, aliposikia viatu vikivuliwa mlangoni. Alipotoka alimkuta binti yake, Nuzhat, amesimama kizingitini na begi begani, anautazama ua wa nyumba aliyozaliwa kama abiria anayechungulia stesheni asiyoijua. Likizo ya kwanza ya chuo ilikuwa imemrudisha Lucknow kwa treni, na rikisho ikamshusha pale pale mlangoni. Lakini miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini.

"Hapa ndipo?" Nuzhat aliuliza.

"Ndipo, we mtoto! Ingia, chai inapoa."

Akaingia. Akanywa chai, akainuka, akafika mlango wa chumba chake, akauliza tena. Hapa ndipo?

"Masomo yamempanda kichwani," alisema baba yake, Mirza Tajammul, akicheka. "Atatulia." Kisha akarudi kwenye sarafu zake za kale. Mzee huyu alikuwa tayari kukueleza kila mfalme aliyewahi kupiga chapa fedha India nzima, lakini ungemuuliza binti yake anapenda kula nini, angemwita mkewe ajibu.

Nuzhat hakutulia. Alitembea. Mchana, mtaa mzima umelala kwa joto, alizunguka ua, na nyuma yake zilisikika nyayo zisizokuwa zake, nzito, zinazokokota. Shuka lake lilijaa mchanga. Chumba kilinuka moshi wa makaa na ngozi ya mnyama aliyekufa kando ya barabara.

Kishwar akamwita Maulana. Maulana alisoma dua kwa muda mrefu, kisha akashusha sauti.

"Dada, hajaingiwa na jini. Amekamatwa njiani. Alipokwenda chuo mlimfunga zamini?"

"Kwa mikono yangu! Rupia ya fedha ya marehemu mama, ndani ya kitambaa cha kijani, nikaifunga mkononi mwake."

Kwetu hili halihitaji msomi. Sarafu ile humweka msafiri chini ya dhamana ya Imamu, mdhamini wa wasafiri. Akifika salama, hufunguliwa mkononi, ikatolewa kwa maskini. Kabla haijatolewa, safari haijaisha.

"Na ilitolewa?"

"Nilimsindikiza mwenyewe," Mirza alidakia, bila kuinua macho. "Nikamfungua kwenye geti la chuo, nikampa mwombaji. Nyie mnapenda sana kutafuta mchawi."

Maulana akaondoka akitikisa kichwa.

Jumapili kulikuwa na maonyesho ya sarafu, katika ukumbi wa harusi karibu na soko la Aminabad. Mirza alitoka mapema na sanduku lake. Baadaye kidogo Nuzhat akatoka pia, peku, bila mtandio. Kishwar alimfuata akimwita, na msichana hakugeuka mpaka walipokuwa ndani, kati ya meza zilizotandikwa mahameli na wanaume walioinamia vioo vya kukuzia.

Mirza alikuwa anamsifia mteja mwenye kofia ya kijivu.

"Tazama ukingoni. Hiyo alama ni ya jino. Bibi harusi aliiuma siku ya ndoa, kujaribu kama ni fedha halisi. Sarafu yenye kisa, bwana!"

Mteja akacheka, akalipa, akaitia mfukoni.

Kishwar alilijua jino lile. Lilikuwa la mama yake.

"Baba Nuzhat. Umeuza nini?"

"Sema polepole, watu wanatazama."

"Umeuza nini?"

"Mwombaji nilimpa sarafu! Nilimpa mpya, inayong'aa! Sarafu ni sarafu."

"Kama sarafu ni sarafu, mbona hukumpa ile?"

Mirza akaanza kufunga sanduku lake. Mali ya mama, kutoka mkono wa binti, ikaingia mfuko wa baba, na bado yeye ndiye aliyeona aibu ya kupigiwa kelele hadharani!

Hapo sarafu zikaanza kutetemeka mezani, kwanza kidogo, kama lori linapita nje, kisha meza baada ya meza, zikirukaruka juu ya mahameli, na harufu ile ya makaa na mzoga ikajaa ukumbini hata watu wakaziba pua, na Nuzhat akafumbua kinywa, ikatoka sauti ya kiumbe kikavu, kizee, kilichokaa barabarani tangu kabla ya barabara, kikasema taratibu kama anayedai haki yake:

"Mdhamini wa huyu yuko wapi?"

Watu wakakimbia, wakakanyagana mlangoni, na mwenye kofia ya kijivu akakimbia nao. Mirza alimfuata hadi barabarani akipiga mayowe. Aminabad ilikuwa imejaa kofia za kijivu. Hata jina hakuwa amemuuliza.

Tangu siku ile Kishwar ameng'oa milango yote ya nyumba, ili asiulizwe tena kizingitini. Nuzhat huuliza kwenye nguzo. Huuliza kwenye kivuli. Nyayo zake zimechanika, na zile nyingine sasa zinatembea sambamba naye. Jana mama yake alimlaza mapajani, akamkumbatia kwa nguvu zake zote, na msichana akainua macho.

"Hapa ndipo?"

Wewe unayesoma: kama unayo rupia ya fedha yenye alama ya jino ukingoni, usituletee, na usitutajie bei. Tafuta mtu mwenye njaa, umpe leo.