Mkaguzi wa Leseni na Fundi wa Magauni

Ukumbi wa leseni wa jiji ulikuwa umefurika, maana wenye biashara wengi walikuwa wamengoja mpaka muda wa kuhuisha leseni ukawafika shingoni. Fundi cherehani mmoja, binti aliyevaa gauni la zambarau alilojishonea mwenyewe, alisimama asubuhi nzima. Kufika dirishani, akaambiwa arudi: hakuwa amewasilisha ritani ya kodi ya duka lake, ile fomu ya kutaja mauzo ya mwaka.

"Lakini mauzo yangu ni madogo, sidaiwi kitu."

"Hata usipodaiwa, unawasilisha," karani alisema, akamwita mwingine.

Nyuma yake alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi. "Dada, usiondoke," alimwambia. "Ritani inajazwa hata kwa simu. Tukae pale kwenye benchi nikuelekeze."

"Na foleni yako je?"

"Foleni haina miguu, haitanikimbia."

Binti alicheka bila kutaka. Walikaa bega kwa bega, yeye akisoma, kijana akieleza, harufu ya sabuni ikimtoka shingoni. Jioni binti aliondoka na leseni, kijana na namba ya simu ya binti.

Kijana alikuwa amekuja kuhuisha leseni ya duka la mama yake, na alipanga foleni kama watu wengine ingawa angeweza kufunguliwa mlango wa nyuma. Yeye mwenyewe alikuwa mkaguzi wa leseni wa jiji. Hilo hakulisema.

Simu zikaanza, naye binti akambatiza Mlingoti kwa urefu wake.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, Mlingoti?"

"Nikila peke yangu chakula hakishuki."

"Kunywa maji, kitashuka."

Alipoulizwa kazi yake, alijibu kwamba yuko ofisi za jiji, basi. Alidhamiria kusema, ila kila mara ulimi ulikuwa mzito. Siku moja binti mwenyewe alimwambia kwa utani kuwa heri kufuga nyoka chumbani kuliko kuzoeana na wakaguzi. Kijana alicheka, akageuza mazungumzo.

Asubuhi moja wakaguzi wakaingia mtaani kwa binti. Mkabala na duka lake palikuwa na saluni ya shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Binti alitoka mbio, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, akakuta mlango umefungwa kwa kukosa leseni. Aliyekuwa akitia kufuli, ndani ya koti la jiji, ni Mlingoti.

"Kumbe ndiyo kazi yako," alisema polepole.

"Fundi, sikujua kama ni..."

"Ungejua ungefanyaje? Usinipigie tena."

Kijana akapiga, hakupokelewa. Akatuma ujumbe, haukujibiwa. Binti akawa anashona akikosea, anafumua, anashona tena, na kila aliyepita dukani alisikia mkaguzi akilaaniwa.

Shangazi alivumilia, mwisho akashindwa. "Mwanangu, mwache kijana wa watu. Alikuja mara mbili kunikumbusha. Akaniombea muda kwa wakubwa wake, nao nikaupoteza."

"Mbona hukuniambia?"

"Aibu. Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akijaza mambo ya kodi. Alipoondoka, kila nikizishika zile karatasi naona mkono wake. Nikaziweka, miaka ikapita."

Binti alimkumbatia shangazi yake, wakalia kidogo. Kisha akachukua simu.

"Mlingoti."

"Fundi. Kufuli siwezi kulitoa kwa sababu nakupenda."

"Sijakuomba ulitoe. Nakuomba uje ukae na shangazi, umweleze kama ulivyonieleza mimi."

Alikuja siku yake ya mapumziko, bila koti. Walikaa dukani kwa binti katikati ya magauni, wakazijaza ritani zote za nyuma. Shangazi alibisha kila swali. "Mauzo haya yanaihusu nini serikali?" aliuliza, naye kijana akajibu, "Yanaihusu, mama, tuandike tu." Walipofikia karatasi ya zamani yenye saini ya marehemu, shangazi aliipapasa kwa kidole. Kijana naye akaweka kalamu chini, akamsubiri.

Faini ililipwa, leseni ikatoka, saluni ikafunguliwa. Wateja walijaa siku ileile, vichwa vina povu. Mlingoti akasimama mlangoni pa duka la binti akihangaika na mikono yake.

"Fundi, nataka kukuoa."

Binti aliweka mkasi chini. "Kwanza niambie unafanya kazi gani."

"Unaijua."

"Niliijua kwa kuiona. Nataka kuisikia kwako."

"Mkaguzi wa leseni."

"Mtaa haujasikia."

Kijana akavuta pumzi, akageukia saluni ng'ambo ya barabara, akapaza sauti. "Mimi ni mkaguzi wa leseni, nami nampenda binti yenu."

Wanawake wakaguna, mmoja akaficha begi lake la vipodozi vya kuuza, wengine wakaangua kicheko. Shangazi akamtazama binti, naye binti alikuwa ameshashika mkono wa Mlingoti.

"Nimekubali," alisema.