Muulize Kwanza Bei ya Wino

Helena, ambaye majirani wa Lulindi humwita Mama Huruma, hulima mikorosho pamoja na mumewe. Akitoka shamba huchapa kazi za watu kwenye kompyuta yake nyumbani: mitihani ya shule, ratiba za ibada, barua. Zamani kila kazi ilimpeleka Masasi kutoa nakala. Akachoka, akaamua kununua printa.

Muuzaji mmoja wa Masasi alimchagulia printa ndogo ya wino wa maji. "Chukua hii, mama. Hutapata ya bei rahisi zaidi."

Helena akaibeba kwa furaha.

Wino uliisha upesi. Wino mpya ulikaribia bei ya printa yenyewe! Helena aliguna, akanunua. Kisha msimu wa korosho ukaingia. Printa ikakaa bila kazi, na wino ukakaukia ndani.

Mara mama mkwe wake, Bibi Agatha, akafariki. Helena alichapa nyimbo za mazishi, lakini karatasi zilitoka na michirizi mitupu. Hata jina la marehemu halikusomeka. Muda wa kwenda Masasi haukuwepo. Kanisani watu waligeuzageuza zile karatasi, wengine wakanyamaza katikati ya wimbo. Helena alilia kwa msiba na kwa hasira pia.

Wifi yake Yuster, mwenye duka la kuchapa Newala, alikuwa amekuja kwenye msiba. Matanga yalipoisha, aliitazama ile printa.

"Wifi, hii si mbovu. Ila haikufai. Wewe unachapa maandishi meusi, kurasa nyingi, na kuna miezi huigusi kabisa. Unahitaji printa ya leza."

"Si ndiyo zile za ghali?"

"Mwanzoni bei yake inazidi, ndiyo. Lakini wino wake ni unga, unaitwa tona, na unga haukauki. Chukua inayochapa rangi nyeusi tu. Usiangalie bei ya mashine peke yake. Uliza tona ni bei gani, na inatoa kurasa ngapi. Ukigawanya bei kwa kurasa, utajua kila ukurasa unakula shilingi ngapi."

"Na iliyokwisha kutumika?"

"Inafaa, ila ijaribiwe mbele yako. Iwe inakubaliana na kompyuta yako, na tona yake ipatikane hukuhuku kwetu. Dai risiti na waranti. Halafu usiiwashe kwa sola ndogo. Leza inavuta umeme mwingi."

Helena alirudi kwa yule muuzaji, kifua kimejaa hasira.

"Ulijua wino wa ile printa una bei kubwa. Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, mama."

Neno hilo lilimchoma. Pale kaunta alisimama mzee mmoja, hela mkononi, anataka kununua printa ileile.

"Shikamoo, baba," Helena alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Kabla hujalipa, muulize kwanza bei ya wino."

Muuzaji akapiga meza. "Mama, unaniharibia biashara!"

"Na wewe umeniharibia mazishi ya mama mkwe wangu!" Helena hakushusha sauti. "Ungeniambia ukweli, ningechagua mwenyewe. Sisi wa vijijini si watu?"

Mzee akauliza bei ya wino. Alipoisikia, alirudisha hela mfukoni.

Helena aliingia duka jingine. Akaonyeshwa leza ya kuchapa rangi nyeusi, iliyokwisha kutumika. Akaomba ijaribiwe: kila ukurasa ulikuwa na doa. Akaikataa. Ya pili ilitoa kurasa safi, na tona yake ilikuwepo palepale dukani. Akauliza yote aliyoambiwa na Yuster, akachukua risiti yenye waranti.

Msimu uliofuata printa ilikaa tena bila kuguswa. Kisha Mwalimu Gerson akaja kutoka Nanganga na mitihani ya shule nzima. Helena akaiwasha. Ukurasa wa kwanza ukatoka na maandishi meusi, safi, na kurasa nyingine zikafuata hadi mtihani wa mwisho.

Gerson alishika karatasi ingali na joto. "Mama Huruma, mashine hii ni bei gani?"

"Mwalimu," alisema Helena, "unauliza bei ya mashine, au bei ya ukurasa? Vuta kiti nikueleze."